Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya ufukwe wa Bagamoyo

Waheshimiwa,

Walio wakubwa kwangu, shikamooni. Walio rika langu, habari za kazi. Nawaandikia nyote mnaopanga, mnaojenga, mnaotoza na mnaolinda ufukwe wa Bagamoyo, tangu mtaani hadi wizarani, pamoja na wenye hoteli na viongozi wa wavuvi. Sitaji ofisi hata moja. Ninayoyaomba yanataka watu kadhaa wakae meza moja, na nisingependa yeyote asome barua hii akadhani anaambiwa jirani yake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto watatu, naishi Moshi. Desemba iliyopita, wakati ndugu zetu wa Dar es Salaam wakifungasha kupanda mlimani kwa Krismasi, sisi tulikuwa tunashuka. Mdogo wangu alikuwa anaoa Dar. Ndani ya Noah tulikuwa saba: mimi na mume wangu, watoto wetu watatu, mtoto wa dada yangu, na mama mkwe wangu ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi.

Bibi anakaribia miaka themanini. Amelima kahawa na migomba Kilema maisha yake yote. Kibo ameiona kila asubuhi isiyo na mawingu, lakini bahari alikuwa hajawahi kuitia machoni. Tulipomwambia tutapitia Bagamoyo, alitafuta chupa tupu ya lita moja na nusu, akaiosha, akaianika juani, akaifunga kwenye kanga. Alisema atarudi na bahari kidogo, awaonyeshe wenzake wa jumuiya. Alikuwa na sababu nyingine pia. Mapadre wa Roho Mtakatifu walioanzisha misheni ya Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890 walitokea huko huko pwani, ambako wenzao walikuwa wamefungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Hata kahawa aliyosomeshea watoto wake ililetwa mlimani na mapadre hao. Kwa Bibi, Bagamoyo ilikuwa mahali pa kwenda kushukuru.

Tuliondoka saa tisa usiku. Mwezi ulikuwa umepevuka usiku uliotangulia, ukatufuata kwa nyuma mpaka kukapambazuka, tukiwa tumeshaipita Same. Nautaja mwezi huo kwa sababu nitaurudia. Chai tulikunywa Korogwe. Tukapita Segera, Mkata, daraja la Wami, tukafika Msata. Hapo anayekwenda Dar ana njia mbili: anyooshe hadi Chalinze akabanane na malori, au akunje kushoto, kilomita 64 za lami mpaka Bagamoyo. Familia nyingi siku hizi hukunja. Tulinunua mananasi matano Kiwangwa, mume wangu akalipasua moja pale pale barabarani, na gari likanuka nanasi hadi tulipovuka Ruvu. Saa tano na dakika chache tulikuwa mjini.

Kisha tukaanza kuitafuta bahari.

Naomba mnielewe vizuri hapa. Harufu yake tuliisikia. Upepo wa kaskazi uliingia madirishani, wenye chumvi. Kati ya nyumba tuliona vipande vya bluu, watoto wakipiga kelele kila kimoja kilipotokea na kupotea. Lakini kila barabara tuliyoifuata ilitufikisha getini. Geti la kwanza, mlinzi, kijana mwenye adabu, alituambia ufukwe wa pale ni wa wateja: ulipe kiingilio kwa kila kichwa au uagize chakula. La pili vivyo hivyo. Tulikuwa na wali na kuku wa nyumbani kwenye hotipoti, na watu saba wa kulipiwa. Siwalaumu vijana wale, walifanya kazi waliyopewa, wala simlaumu mwenye hoteli kwa kutaka mteja wake apate utulivu aliolipia. Ila tulizunguka karibu nusu saa katika mji wa bahari bila kukuta kibao hata kimoja kinachosema: njia ya baharini hii hapa, karibuni.

Aliyetuonyesha njia ni mama mmoja mwenye beseni la samaki kichwani. "Piteni ubavuni mwa ukuta ule," akasema, "mtatokea kwa wavuvi." Tukapita.

Bahari ilikuwa mbali. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga umelala mpana na unang'aa, mashua zimeegemea ubavu kama ng'ombe waliolala. Bibi alivua viatu. Nilimshika mkono, tukatembea taratibu mpaka maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu, akasimama. Hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha akainama, akachovya kidole, akakilamba, akanitazama kama mtu aliyethibitishiwa jambo ambalo wengine wote waliliamini yeye akiwa na shaka nalo. "Ni chumvi kweli," alisema. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Miaka kumi na sita nimeolewa katika nyumba ile, na sijapata kumwona akicheka vile.

Nawasimulia haya ili mjue mlicho nacho. Mlima wetu watu huupanda kwa siku sita na pesa nyingi. Bahari yenu bibi wa miaka themanini huifikia kwa kuvua viatu.

Nilipokuwa nimemshika Bibi, watoto wanne walikuwa wanakwenda mbele. Mkubwa wao ana miaka kumi na miwili, mdogo sita. Waliona kaa, wakafuata kaa. Waliona kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, wakakimbilia. Mbele zaidi palikuwa na fungu la mchanga lililoinuka kidogo, na mashua moja imekaa juu yake, wakaifuata mashua. Baba yao alikuwa garini akishusha chakula. Sikuwa na hofu, na ndilo linaloniumiza hadi leo. Maji yalikuwa ya magotini tu na yamelala kimya. Mimi ni mtu wa bara. Kwetu maji ya kuogopa ni yale yanayoshuka kwa kishindo, mto unapofurika. Maji yanayokuja bila sauti sikuwahi kufundishwa kuyaogopa.

Mzee mmoja alikuwa ameketi kivulini mwa mashua akishona nyavu. Alinyanyuka, akatupa nyavu chini, akaniita: "Mama! Wale watoto ni wako? Waite, maji yanajaa!" Nikaita. Wakanipungia mikono. Nikaita tena, wakaanza kurudi, wakasimama. Kati yao na sisi, pale walipopita kwa miguu mikavu nusu saa iliyopita, palikuwa na mkondo. Maji hayakuwa yamewajia kwa mbele. Yalikuwa yamezunguka, yamejaza bonde lililo nyuma ya fungu kwanza, na fungu limegeuka kisiwa chenye watoto wanne juu yake.

Mzee yule aliingia majini na nguo zake. Katikati ya mkondo maji yalimfika kifuani. Alimbeba mdogo mabegani, akamshika wa pili mkono, akawavusha. Akarudi. Kijana mwingine alishamfuata na ngalawa, wakawaleta wawili waliobaki. Mara ya pili maji yalikuwa yamefika shingoni. Muda wote huo haukuzidi robo saa. Kabla chakula chetu hakijaisha, fungu lote lilikuwa chini ya maji, na ile mashua inaelea.

Nilitaka kumpa mzee yule chochote, akakataa. Alikubali sahani ya wali. Wakati anakula nilimuuliza nilikosea wapi, na aliyonieleza ndiyo kiini cha barua hii.

Aliniuliza kwanza: "Jana usiku uliutazama mwezi?" Nikamwambia ulitufuata hadi Same. "Basi," akasema, "siku kama ya leo ni bamvua." Mwezi unapopevuka, na tena unapoandama, maji hupwa sana na hujaa sana. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala hairudi na nguvu. Kwa pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Na hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa huwezi kujua kama yameanza kurudi. Saa ya tatu na ya nne ndiyo hukimbia, nusu ya maji yote huingia katika saa hizo mbili. Sisi tulishuka ufukweni saa sita kasoro, mchanga ukiwa bado mpana na unavutia. Tuliwaachia watoto bahari saa ile ile iliyokuwa inaanza kukimbia.

Baadaye, nikiwa Moshi, nilisoma zaidi. Tofauti ya maji kupwa na maji kujaa siku za bamvua kwenye pwani ya Tanzania huweza kupita mita 3. Penye ufukwe wa mteremko mkali, mita hizo ni hatua chache tu. Bagamoyo ufukwe ni tambarare, kwa hiyo bahari hurudi nyuma mamia ya mita, na kila hatua kati ya hizo lazima maji yazirudie. Uzuri ule ule unaomwita mtoto wa bara atembee hadi kwenye mashua ndio unaomwacha huko.

Mtoto wa Dunda au Magomeni ya hapo Bagamoyo analijua hili kabla hajajua kusoma. Kwake ni kama kujua saa ya chakula. Ndiyo maana nadhani hakuna aliyefikiria kuliandika. Lakini mji wenu sasa una wageni ambao hawakulelewa nalo, na wanaongezeka tangu barabara ya Msata iwekwe lami. Tunatoka Arusha, Manyara, Singida, Dodoma. Tuna watoto ambao wamejifunza darasani kwamba mwezi huvuta maji ya bahari, wameliandika kwenye mtihani, wamepata alama zote. Mimi mwenyewe nimelifundisha hilo darasa la sita, kwa chaki, ubaoni. Mwezi nikauona kwa macho yangu njia nzima, na sikuuhusisha na miguu ya wanangu.

Ombi langu la kwanza, na kama mtafanya moja tu basi liwe hili, ni ubao. Ubao mkubwa mweusi pale watu wanaposhukia ufukweni, kama wa darasani. Kila asubuhi mtu mmoja aandike kwa chaki: leo maji yatakupwa saa fulani, yatajaa saa fulani, leo ni bamvua au maji mafu, usivuke kwenda mafunguni baada ya saa fulani. Chini yake maneno ya kudumu, kwa rangi: maji huzungukia nyuma. Na mchoro, kwa asiyesoma. Hesabu za maji hupigwa kabla mwaka haujaanza na majedwali huchapishwa, wanaoendesha meli huyatumia kila siku. Na wavuvi wenu wanazo kichwani. Vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za bahari vipo kwenye pwani yetu. Mpeni mzee mmoja kazi hiyo, mlipeni posho. Anayo elimu ambayo mimi na shahada yangu nilikuwa sina, na saa saba mchana siku ile ilikuwa na thamani kuliko kila nilichokisoma.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka 5. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kukumbushana juu ya vifo hivyo. Ningefurahi kusikia ubao huo umesimamishwa kabla ya Julai 25 ijayo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nina aibu kidogo kuliandika, lakini nisipoliandika mimi mama, nani ataliandika? Bibi alihitaji choo. Mtu wa umri ule, safari ya tangu saa tisa usiku, na pale ufukweni hapakuwa na choo cha watu. Mume wangu alirudi kwenye lile geti la kwanza kuomba, kukawa na maelezo. Aliyetuokoa ni mama aliyekuwa akikaanga samaki chini ya banda la makuti. Alimwona Bibi anavyosimama, akanawa mikono, akamwambia, "Twende kwangu mama, ni hapo nyuma tu." Akamwacha samaki kwa bintiye, akampeleka Bibi nyumbani kwake, akampa kopo la maji na taulo safi. Walirudi wameshikana mikono, wanapiga soga kama mtu na dada yake. Tulinunua kwake changu sita na ngisi, na mihogo, na Bibi amekula ngisi kwa mara ya kwanza.

Nikakaa nikawaza. Mama yule hufanya hivyo mara ngapi kwa siku, mwezi wa Desemba? Ukarimu wa mji mzima umewekwa begani kwa muuza samaki mmoja na mshona nyavu mmoja. Hawakulalamika, na hawatalalamika, kwa sababu ndivyo walivyolelewa. Lakini si haki mji uwategemee hao wawili. Jengeni choo cha kulipia, chenye maji, na bomba la kusuuza miguu ya watoto chumvi na mchanga. Shilingi mia tano kwa mtu tutalipa bila kinyongo, na watapatikana akina mama wa kukitunza wapate riziki humo. Mkipanda na miti michache ya mikungu, kivuli kitakuja chenyewe baada ya miaka. Jua la saa sita la Desemba halimhurumii mtoto.

Kuhusu njia ya kushukia sitasema mengi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Nimeisoma. Nia yake ni kuilinda pwani yenyewe, haizungumzii familia inayotafuta pa kupita. Lakini anayeilinda pwani na anayewafungulia watu pwani wanaweza kutumia mita zile zile. Wekeni walau njia mbili za wazi kutoka barabarani hadi majini, pana kiasi cha kupita kiti cha magurudumu, zenye vibao tangu njia panda ya Makofia. Hoteli hazitapoteza. Sisi tungepata pa kuanzia tungelala. Siku ile tulikuwa tumepanga tulale, mume wangu alishaulizia chumba kwa simu. Baada ya yaliyotokea hakuna aliyetaka kubaki.

Kabla ya kuondoka tulitimiza nadhiri ya Bibi. Misheni walitupokea vizuri. Tuliuona mnara ambako mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka Chitambo, Zambia ya leo. Tuliuona mbuyu uliomeza mnyororo mpaka kimebaki kipande kidogo tu nje ya gome. Watoto, ambao walikuwa kimya tangu majini, wakaanza kuongea tena pale, kila mmoja akitaka kukigusa. Bibi aliingia kanisani peke yake. Alikaa humo muda mrefu, nasi hatukumharakisha. Tulijua anashukuru kwa jambo ambalo asubuhi hakuwa amelipanga.

Halafu tukapita Karavanserai. Mwongozaji wetu, kijana hodari, alitueleza kwamba pale ndipo misafara kutoka bara ilipopokelewa. Wapagazi, Wanyamwezi wengi wao, waliotembea mamia ya kilomita kutoka Tabora na Ujiji na pembe za ndovu mabegani. Akatueleza na jina la mji. Kuna wanaosema ni bwaga moyo, tua mzigo, pumzika, umefika. Na kuna wanaosema ni neno la waliofungwa minyororo, waliojua kwamba baada ya maji yale hawatarudi, wakaiacha mioyo yao kwenye nchi kavu. Nilisimama uani pale nikiwa na mwanangu wa miaka sita mgongoni, nguo zake bado zina maji ya bahari, nikashindwa kuchagua jina lipi ni la kweli. Nadhani yote mawili.

Ila nililiona hili: mji wenu ulijengwa kwa ajili ya mtu anayepita. Kabla ya Boma la Wajerumani la 1897, kabla hawajayahamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, Bagamoyo ilijulikana hadi maziwa makuu kwa sababu mchovu kutoka mbali alipata pa kutua mzigo. Mnayatunza magofu ya kazi hiyo, mnatoza kiingilio, na mnafanya vizuri. Naomba muirudie kazi yenyewe. Uwanja mmoja wa wazi kando ya bahari, kivuli, choo, bomba, ubao wa maji, na siku za sikukuu mtu mwenye boya na jaketi la kuokolea, anayejua kuogelea na ana macho. Naam, karavanserai ya watu wenye Noah na hotipoti.

Nimesikia, kama kila Mtanzania, mazungumzo ya bandari kubwa ya Mbegani tangu 2013. Mambo hayo ni makubwa na yana wenyewe. Ninaloliomba halingoji bandari. Ubao, mbao, saruji kiasi, miche ya mikungu, posho ya mzee mmoja.

Mtaniuliza nani atalipa. Sehemu itoke kwenye tozo zinazokusanywa tayari sokoni na kwenye vivutio, na sehemu itoke kwetu wapita njia. Na nyingine inaanza hapa. Mume wangu ni fundi wa kuchomea vyuma, ana karakana yake Moshi. Anajitolea kutengeneza fremu ya ubao huo, yenye paa dogo la kuzuia mvua za masika, chuma kilichopakwa rangi ya kuzuia kutu, maana anasema chumvi ya kaskazi itakula fremu ya kawaida kwa mwaka mmoja. Rangi na maandishi ya chini nitayafanya mimi, ndiyo kazi yangu. Usafiri tutaubeba wenyewe likizo ya Juni.

Bibi anataka kuja tena. Ile chupa iko juu ya kabati la vyombo, imejaa, haijafunguliwa. Wenzake wa jumuiya kila akija mpya huionyeshwa, na mjukuu wake wa miaka sita ndiye anayepewa kazi ya kuishika na kueleza. Anawaambia kwamba maji haya yalikuwa yanatembea.

Tunachongoja kwenu ni vipimo: urefu, upana, na mahali pa kuuchimbia. Mtuambie tu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama wa watoto watatu,
Moshi